Kupima ugonjwa usio na dawa si kazi bure

Kuna swali ambalo sisi madaktari wa wodi za magonjwa ya ndani tunaulizwa mara kwa mara, na kwa kawaida ndugu huliuliza kwa sauti ya chini, nje ya mlango wa wodi: "Daktari, kama huo ugonjwa hauna dawa, kumchoma mama yetu sindano ya mgongo kuna faida gani?"

Ni swali la haki. Wanaouliza ni watu ambao tayari wametumia fedha nyingi, wamezunguka hospitali mbili tatu, na hawataki kumwongezea mzazi wao maumivu yasiyo na mwisho. Wiki hii nataka kulijibu kwa kirefu, na nitalijibu kwa kutumia mfano mgumu kuliko yote, yaani magonjwa ya prioni. Nimeyachagua kwa makusudi. Ni magonjwa ya ubongo ambayo mpaka leo hayana tiba, na anayeyapata hufariki. Ikiwa kumpima mgonjwa wa namna hii kuna faida, basi ile hoja ya "hakuna dawa, kwa hiyo tusipime" haina mahali pa kusimama. Msimamo wangu ni kwamba faida ipo, tena kubwa, na sehemu yake kubwa inamhusu yule ambaye kipimo kitaonyesha kuwa hana ugonjwa huo.

Ugonjwa unaokwenda kasi

Wengi wetu tunaujua usahaulifu wa uzeeni. Babu anaanza kwa kusahau alikoweka miwani, na baada ya miaka kadhaa anachanganya majina ya wajukuu. Ni safari ndefu. Ugonjwa wa prioni hauendi hivyo. Mtu aliyekuwa akiendesha duka lake na kupiga hesabu kichwani mwezi Januari, ikifika Machi hajui leo ni siku gani. Akitembea anayumba kama mlevi, maneno yanamgomea, mikono na miguu inashtuka ghafla, hasa akiguswa au kukiwa na kishindo. Wengine huanza kwa kukosa usingizi, kuona mauzauza au kubadilika tabia. Baadaye mgonjwa hunyamaza kabisa, asiongee wala kusogea.

Unaojulikana zaidi katika kundi hili ni ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, uliopewa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani, Hans Creutzfeldt na Alfons Jakob, walioandika habari zake mwaka 1920 na 1921. Wagonjwa wengi hufariki ndani ya mwaka mmoja tangu dalili zianze, na wengi wao hawafikishi miezi 6.

Ni ugonjwa adimu. Katika nchi zinazoweka hesabu zake vizuri hupatikana mgonjwa 1 hadi 2 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Katika kila wagonjwa 100, kama 85 huupata bila sababu inayojulikana, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 60 hivi. Wengine 10 hadi 15 wana hitilafu ya vinasaba, na walioambukizwa hawafiki hata 1.

Chanzo chake kiliwachukua wanasayansi miaka mingi kukikubali, kwa sababu si virusi, si bakteria, si fangasi wala vimelea. Ni protini. Kila mmoja wetu ana protini ya prioni kwenye seli za ubongo wake na haimdhuru. Protini hufanya kazi kutokana na umbo lake, yaani jinsi ilivyojikunja. Katika ugonjwa huu, protini moja hujikunja vibaya, kisha ikigusana na nyingine iliyo nzima huifanya nayo ijikunje vibaya, na hiyo ya pili huiharibu ya tatu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Ndivyo inavyokuwa ndani ya ubongo, mpaka seli zinakufa na ubongo unabaki na vitundu vidogo vidogo kama sifongo. Daktari Mmarekani Stanley Prusiner ndiye aliyezipa jina la prioni mwaka 1982. Wengi walimpinga wakati huo, lakini mwaka 1997 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa protini hiyo ni ya mwili wenyewe, kinga ya mwili haiioni kama adui. Hakuna homa, na vipimo vya kawaida vya damu haviambii mtu chochote. Hapo ndipo maneno huanza: ni uzee, ni mawazo, katupiwa jini, ni lile shamba analogombania na kaka yake. Majirani wanakuwa na jibu kabla ya hospitali.

Maji yanayouzunguka ubongo

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, na hatuwezi kuukata kipande kila tunapotaka kujua kinachoendelea. Lakini umezungukwa na maji maangavu yanayoteremka mpaka kwenye uti wa mgongo. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku huku ya zamani yakirudi kwenye damu. Mpishi akitazama maji yaliyooshea sufuria anajua kilichopikwa. Nasi tukiyapima maji haya tunapata habari za ubongo.

Njia ya kuyachukua si ngeni. Daktari wa Ujerumani, Heinrich Quincke, aliieleza mwaka 1891. Mgonjwa hulala ubavu amejikunja au hukaa ameinama, anachomwa ganzi, kisha sindano nyembamba hupitishwa kati ya pingili za chini za mgongo.

Hofu kubwa ya watu ni kwamba atakayechomwa mgongo atapooza. Naomba tulielewe hili vizuri. Uti wenyewe wa neva huishia juu zaidi, kwenye usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea, ambazo kwa kawaida husogea pembeni sindano inapopita. Kinachowapata wengine ni kuumwa kichwa kwa siku chache na maumivu kidogo mgongoni. Zipo hali ambazo hatuchomi kabisa au tunasubiri kwanza: damu isiyoganda vizuri, maambukizi kwenye ngozi ya mahali hapo, au dalili za shinikizo kubwa ndani ya fuvu. Ndiyo maana mara nyingine tunatanguliza picha ya CT ya kichwa.

Uvumi huu una chanzo chake. Wanaochomwa sindano hii wengi ni wagonjwa mahututi, na wengine wamefikishwa hospitali wakiwa wamechelewa. Mgonjwa akifariki siku mbili baadaye, sindano ndiyo inayobeba lawama. Yule ambaye ndugu zake walikataa asipimwe, kisha akafariki kwa ugonjwa uliokuwa na dawa, hahesabiwi popote.

Vipimo vitatu na uwezo wake

Katika magonjwa ya prioni, maabara hutafuta mambo matatu kwenye maji haya.

La kwanza ni protini inayoitwa 14-3-3. Kwa kawaida huishi ndani ya seli za neva, na mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa inaonekana kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Tatizo lake ni kwamba inafanana na moshi. Moshi unakuambia kuna kinachoungua, haukuambii kama ni nyumba au ni taka. Mtu aliyepata kiharusi karibuni, aliyeshikwa na degedege la muda mrefu au mwenye virusi vilivyovamia ubongo anaweza naye kuwa na 14-3-3.

La pili ni tau, protini inayosaidia kushikilia kiunzi cha ndani cha seli za neva. Seli zikibomoka kwa wingi na kwa haraka, tau humwagika kwenye maji kama kifusi. Katika Creutzfeldt-Jakob kiwango chake hupanda mno, kwa kawaida kupita kile cha ugonjwa wa Alzheimer. Lakini kifusi hakimtaji aliyebomoa.

La tatu ndilo lililobadilisha mambo. Ni kipimo kinachojulikana kwa jina la RT-QuIC, ambacho Ryuichiro Atarashi wa Nagasaki, Japani, na wenzake walichapisha matokeo yake kwa maji ya uti wa mgongo mwaka 2011. Hiki hakitafuti moshi wala kifusi, kinamtafuta mhalifu mwenyewe. Mtaalamu wa maabara huchukua protini ya prioni iliyo nzima, iliyotengenezwa kwa kutumia bakteria, akaiweka kwenye vishimo vidogo vya sahani ya maabara pamoja na rangi inayong'aa inaposhikana na protini zilizojikunja vibaya. Kisha huongeza kiasi kidogo cha maji ya mgonjwa, na mashine hutikisa, hupumzisha, hutikisa tena. Kama kwenye maji hayo mna prioni mbovu, hata chache sana, zitaanza kuzigeuza zile nzima, na mng'ao utapanda. Kama hamna, sahani itabaki vilevile.

Katika taarifa ya kwanza, kipimo kilinasa zaidi ya wagonjwa 80 kati ya 100, na hakikumsingizia mtu asiyekuwa na ugonjwa. Mwaka 2015 maabara ya Rocky Mountain huko Montana, Marekani, ilitoa toleo lililoboreshwa. Toleo hilo hunasa zaidi ya 90 kati ya 100, na muda wa kungoja majibu kwenye mashine umeshuka kutoka siku kadhaa hadi siku moja hivi. Mwaka 2018 Marekani iliingiza kipimo hiki kwenye vigezo vyake rasmi vya kuutambua ugonjwa.

Hata hivyo kina mipaka, na daktari anapaswa kuieleza kwa familia. Majibu hasi hayaondoi ugonjwa moja kwa moja. Maji yakichanganyika na damu wakati wa kuchukuliwa, kipimo kinaweza kuharibika. Baadhi ya aina za kurithi, pamoja na ile iliyotokana na kichaa cha ng'ombe, hazinaswi vizuri. Kwa hiyo majibu husomwa pamoja na dalili za mgonjwa, picha ya MRI na kipimo cha umeme wa ubongo. Uhakika kamili hupatikana kwa kuchunguza ubongo wenyewe, na mara nyingi hilo hufanyika baada ya kifo.

Faida ya kwanza: kumpata anayetibika

Sasa nirudi kwenye swali la ndugu wa mgonjwa. Jibu langu la kwanza liko kwenye taarifa moja iliyotolewa mwaka 2011 na kituo cha Marekani cha kufuatilia magonjwa ya prioni, kilichopo Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland. Kituo hicho hupokea ubongo wa watu waliofariki wakidhaniwa kuwa na ugonjwa wa prioni. Katika watu 1,106 waliochunguzwa, 352 hawakuwa nao. Kati ya hao 352, waliokuwa na sampuli ya kutosha kutafuta ugonjwa mwingine walikuwa 304. Wengi wao walikuwa na Alzheimer au ubongo ulioharibiwa na mishipa ya damu. Lakini 71 walikuwa na magonjwa ambayo huenda yangetibika: 26 kinga ya mwili ilikuwa inashambulia ubongo, 25 walikuwa na saratani, hasa ya limfu, 14 walikuwa na maambukizi, na 6 walikuwa na hitilafu za kikemia mwilini.

Tusome tena namba hiyo polepole. Watu 71 walifariki wakidhaniwa kuwa na ugonjwa usio na dawa, kumbe huenda dawa ilikuwepo. Na hiyo ni Marekani, nchi yenye mashine nyingi na wataalamu wengi wa ubongo.

Kwetu hapa orodha ya magonjwa yanayoweza kuharibu akili ya mtu kwa wiki au miezi ni ndefu, na yenye dawa ni mengi. Kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa ubongo huonekana katika maji hayohayo ya mgongo. Fangasi wa kriptokokasi, anayewavamia zaidi watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka, huonekana humohumo. Kaswende iliyofika kwenye ubongo, vilevile. Mengine hugunduliwa kwa damu tu: VVU, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi. Mzee aliyeanguka bafuni wiki tatu zilizopita na leo anachanganyikiwa anaweza kuwa na damu iliyovilia chini ya fuvu. CT itaionyesha na upasuaji utaitoa.

Kisha kuna kundi ambalo halijazoeleka masikioni mwa watu: kinga ya mwili kuushambulia ubongo. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza aina moja inayowapata zaidi wanawake vijana. Binti anaanza kupiga kelele, kuona vitu, kushikwa na degedege na kupindapinda mdomo. Nani kati yetu asingesema ana mashetani? Lakini kingamwili zinazohusika hupimika kwenye maji ya uti wa mgongo, na wengi hupona wakitibiwa mapema.

Kwa hiyo tunapoomba kuchukua maji ya mgongo ya mtu aliyebadilika ndani ya miezi miwili, hatutafuti hukumu ya kifo. Kwanza tunatafuta kila sababu ya kuiepuka. Prioni ni jina la mwisho kwenye orodha, na haki ya mgonjwa ni kwamba majina yote ya juu yake yafutwe kwa kipimo, yasifutwe kwa kukisia.

Faida ya pili: kuwalinda wengine

Tuseme sasa majibu yamekuja na ni prioni kweli. Bado kujua kuna kazi.

Prioni haziuawi kirahisi. Kuchemsha kwa kawaida, spiriti na fomalini haziziwezi. Mwaka 1977 madaktari waliripoti kuwa vijana wawili huko Zurich, Uswisi, waliambukizwa kupitia vifaa vya kupimia umeme vilivyoingizwa ndani ya ubongo. Vifaa hivyo vilikuwa vimetumika kwa mgonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, na vilikuwa vimesafishwa kwa spiriti na mvuke wa fomalini. Watu zaidi ya 200 duniani walipata ugonjwa huu kwa kuchomwa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye ubongo wa maiti, njia iliyoachwa Marekani na Uingereza mwaka 1985. Nchini Japani wagonjwa zaidi ya 140 waliupata kutokana na utando wa ubongo wa maiti uliotumika kwenye upasuaji. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 1999 linapendelea vifaa vilivyogusa ubongo wa mgonjwa huyu viteketezwe. Vinavyobaki vinahitaji kemikali kali na mvuke wa nyuzi joto 134 kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hospitali isiyojua mgonjwa wake ana nini haiwezi kuchukua tahadhari hizo.

Kuhesabu wagonjwa nako ni kinga. Uingereza iligundua kichaa cha ng'ombe mwaka 1986, na mwaka 1990 ikaanzisha kitengo Edinburgh cha kufuatilia kila mgonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Mwaka 1996 kitengo hicho ndicho kilichoona wagonjwa 10 wasiofanana na wengine, wengi wao vijana, na ndipo ikajulikana kuwa ugonjwa wa ng'ombe umefika kwa binadamu kupitia chakula. Mpaka sasa Uingereza imepoteza watu 178 kwa aina hiyo. Wale 10 wasingeonekana kama hakuna aliyekuwa anahesabu.

Afrika nayo haiko nje ya habari hizi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza ugonjwa wa prioni kwa ngamia wa machinjio ya Ouargla, Algeria. Hakuna ushahidi kwamba umempata binadamu, na siandiki haya ili mtu wa kaskazini mwa Kenya aache maziwa ya ngamia wake. Naandika kwa sababu bara linalofuga ngamia kwa mamilioni linahitaji watu wanaoangalia, kwa mifugo na kwa binadamu.

Nami niseme jambo la kuwatuliza wanaouguza. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kumkumbatia mgonjwa, kumlisha, kumwogesha, kulala naye chumba kimoja au kutumia vyombo vyake. Hata maandalizi ya kawaida ya mazishi hayakatazwi. Tahadhari za ziada ni kwa mwili uliopasuliwa kwa uchunguzi, na wahudumu wa mochwari wataelekeza. Mgonjwa asitengwe.

Faida ya tatu: amani ya familia

Ugonjwa usio na jina una gharama. Ng'ombe huuzwa, kiwanja huuzwa, mgonjwa husafirishwa kwa basi usiku kucha kwenda kwa mtaalamu wa mbali, kisha kwa mganga, kisha kwenye maombezi. Mwishoni mgonjwa anafariki na familia inabaki na madeni na mtuhumiwa. Mara nyingi mtuhumiwa huyo ni mjane, au bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake.

Hili si letu peke yetu. Watu wa kabila la Fore huko Papua New Guinea, katika miaka ya 1950, walikuwa wakifa kwa wingi kwa ugonjwa wa prioni walioita kuru. Waliamini ni uchawi na wakashutumiana. Kumbe chanzo kilikuwa desturi ya mazishi ya kula miili ya ndugu waliofariki, na ndiyo maana waliokufa zaidi walikuwa wanawake na watoto. Desturi ilipokoma, watoto waliozaliwa baadaye hawakuupata. Sababu ya kweli ilipojulikana, iliwezekana kuuzuia. Kuwindana wachawi hakukuwa kumemwokoa mtu hata mmoja.

Jina la ugonjwa huiwezesha familia kupanga. Watajua kwamba muda ni miezi, wamwite mwana aliye mbali, wamalize mambo ya mirathi wakati mgonjwa bado anaweza kusema neno. Nasi tutajua cha kufanya: kutuliza mishtuko ya misuli, kuondoa maumivu, kuzuia vidonda vya kulala, kufundisha kulisha bila kupaliwa. Hiyo ni tiba, ingawa haiponyi. Kwa wale wachache wenye aina ya kurithi, watoto wanastahili kuelezwa na kushauriwa kwa hiari yao. Utafiti wa dawa nao unategemea kugundua mapema. London wagonjwa 6 walipewa kingamwili iitwayo PRN100, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Dawa ilifika kwenye ubongo bila kuleta madhara makubwa, ingawa wote walifariki. Dawa ya kesho haitamfikia mgonjwa aliyegunduliwa wiki ya mwisho.

Tufanye nini

Simwombi waziri anunue mashine ya RT-QuIC kwa kila mkoa. Kwa ugonjwa adimu kiasi hiki hayo yangekuwa matumizi mabaya ya fedha zinazohitajika kwa mama wajawazito na watoto. Ninachoomba ni vitu vya chini zaidi, na vyote vinawezekana.

Hospitali za rufaa zihakikishe sindano za kuchukulia maji ya mgongo zipo muda wote, na kwamba maabara inaweza kuhesabu seli, kupima sukari na protini, na kutafuta kifua kikuu, kriptokokasi na kaswende siku hiyohiyo. Sampuli ya ziada igandishwe, ili majibu hayo yote yakiwa safi, iweze kutumwa kwenye maabara ya nje kwa utaratibu wa kitaifa bila ndugu kuhangaika wenyewe. Bima zitambue kipimo hiki. Wizara iwe na daftari moja la wagonjwa wa kusahau kwa kasi, wa prioni na wasio wa prioni. Na sisi madaktari tujifunze kukaa chini na familia kwa dakika 10 kabla ya kuleta karatasi ya kusaini. Wengi wa wanaokataa hawakatai sindano, wanakataa kutoelezwa.

Kwako wewe msomaji, shika kipimo kimoja rahisi cha nyumbani: kasi. Mtu akibadilika akili kwa miaka, mpeleke kliniki. Akibadilika kwa siku, wiki au miezi michache, hiyo ni dharura, hata kama ana miaka 75, hata kama hana homa. Andika tarehe dalili ilipoanza na iliyofuata. Taja dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba, na kama aliwahi kuanguka. Daktari akiomba maji ya mgongo, muulize anatafuta nini, hatari zake ni zipi, na majibu yatabadilisha nini. Ana wajibu wa kukujibu kwa lugha unayoielewa. Akikujibu vizuri, mruhusu afanye kazi yake. Katika wagonjwa wa namna hii wapo wanaorudi nyumbani kwa miguu yao, na hatuwezi kuwajua mpaka tupime.